Sungura Niliokatazwa Kununua

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoamua kufuga sungura wa nyama. Si sungura wa kubembeleza wala wa kupiga nao picha. Wa nyama, alisema hivyo hivyo, ameegemea friji katika nyumba yetu ya ghorofani hapa Scarborough, Kanada, mkate umemjaa mdomoni. Rafiki yake wa shuleni alikuwa kwenye chama cha vijana wafugaji, na mwezi wa tisa kungekuwa na mashindano: unaleta sungura watatu wa uzao mmoja, jaji anawapima na kuwapanga, halafu wanapigwa mnada wakaliwe. Nikamuuliza kama ana hakika ameelewa hapo kwenye kuliwa.

"Mama, jana tumekula kuku," akanijibu. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ambacho singependa akisikie, lakini kinachomtoka ni Kiingereza. Maneno yake yote humu nimeyageuza mwenyewe.

Ghorofani huwezi kufuga sungura wa nyama, kwa hiyo chama kilimwombea nafasi kwa bibi mmoja mstaafu mwenye shamba dogo huko nje, nyumba zinakoishia. Siku ya kwanza nilipompeleka nilijitia ujuzi. Kwetu Nakuru sungura walikuwa mali ya kaka zangu, na maisha yangu yote niliwaona wakiwanyanyua kwa masikio. Basi nikafungua kizimba, nikamkamata mmoja masikio, nikamgeuza huku na huku kama ninayekagua suruali ya mitumba. Binti yangu alipiga yowe. Yule bibi alimchukua mnyama wake taratibu, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, akamtuliza kifuani pake kisha akaniangalia. Nilijua nimekemewa. Tangu siku hiyo nikapigwa marufuku kufungua vizimba.

Likizo nzima binti yangu alikwenda huko. Asubuhi alipanda basi, jioni nilimpitia nikitoka kazini hospitalini, na njia nzima nilisimuliwa habari za sungura. Nilijifunza kwamba mzuri wa nyama huonekana mgongoni na kiunoni, kwamba watatu hao lazima wafanane kama sahani za seti moja, na kwamba wakizidi kilo zilizowekwa wanatolewa hata kabla jaji hajawatazama. Aliwapimia chakula kwa kikombe na kuwapima uzito kila Jumamosi. Mtoto huyu huyu nyumbani hajui kikapu cha nguo chafu kiko wapi. Na hakuwapa majina. Aliwaita kwa namba zilizochorwa kwa wino ndani ya masikio yao. Aliyewapa majina kimoyomoyo ni mimi, na sitayataja.

Kosa langu nililifanya mapema, kwa furaha tu. Kanisani kwetu, kila sikukuu ya mavuno, tunafanya mnada kama wa nyumbani. Mtu analeta boga, mwingine trei ya mayai, mwingine mkungu wa ndizi alioununua dukani kwa Mhindi, na tunashindana kutaja bei zisizo na akili. Ukishashinda unasema, "Narudisha!" na boga linapigwa mnada upya. Mwenyekiti wa kina mama aliwahi kununua boga moja mara tatu, na bado likaenda nyumbani na mtu mwingine. Kwetu hakuna kitu cha mtoto kinachoachwa kiuzwe kwa bei ya aibu. Kwa hiyo nilipojua tarehe ya mashindano niliandika kwenye kundi la kina mama kwenye simu: mtoto wetu ana mnada, njooni tumwinue. Zikaja ndiyo na mikono ya kusifu hadi simu ikapata moto.

Siku mbili kabla ya mashindano, tukiwa kwenye gari, binti yangu akazima redio.

"Mama, nataka kukuomba kitu. Usinunue sungura wangu."

"Kwa nini nisinunue?"

"Wewe usinunue, na watu wa kanisa wasinunue. Mkinunua nyinyi, mnaninunua mimi. Nataka mtu asiyenijua awatazame, halafu awatake. Nisipompata huyo, basi nijue sijawalea vizuri."

Nikamwambia sawa. Hapo ndipo ningemweleza kuhusu ule ujumbe, na sikumweleza. Niliangalia barabara tu. Uoga ulinishika, na isitoshe nilijidanganya kwamba kina mama hawatafunga safari yote hiyo kwa ajili ya sungura, watu ambao wengi wao hawajawahi hata kumla.

Siku yenyewe uwanja ulinukia nyasi kavu, samadi na vitunguu vya kukaanga, nikajikuta natabasamu bila sababu. Watoto walijipanga nyuma ya meza ndefu zilizotandikwa zulia, wamevaa makoti meupe ya mikono mirefu ili wasikwaruzwe na kucha. Jaji alikuwa mama mfupi asiyecheka. Alipitisha kiganja mgongoni mwa kila sungura, akabinya kiuno kwa vidole viwili, akarudi kwa wa kwanza, akaenda tena kwa wa tatu. Akamuuliza binti yangu maswali, naye alijibu kidevu kikiwa juu, huku mimi nikiwa nyuma ya uzio nachezesha midomo kana kwamba nami nimeulizwa.

Wakapata nafasi ya nne. Jaji alisema wawili ni wazuri sana, ila wa tatu kiuno chake hakijajaa kama wenzake. Binti yangu alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilitaka kuruka uzio nimuulize huyo mama kama yeye nyonga zake zote mbili zinafanana.

Mnada ulikuwa mchana, ndani ya banda kubwa. Nilikaa kwenye benchi la tatu, na moyo ndio kwanza ulikuwa unaanza kutulia niliposikia nyuma yangu, "Aki tumechelewa? Mtoto ameshauzwa?" Walikuwa wanne, sare zao za kitenge cha kina mama, chupa ya chai na chapati kwenye bakuli. Mwenyekiti alikuwa mbele. Walijipenyeza wakakaa kando yangu, mabibi na mababu wa Kikanada wakisogea pembeni kuwapisha kwa adabu, na ndani ya dakika moja chapati ilikuwa imeshafika benchi la mbele.

Mnadi alianza. Alikuwa mzee mwenye kofia pana, na maneno yake yalitoka kwa kasi isiyo na nukta, yanapanda na kushuka. Mwenyekiti alimsikiliza kinywa wazi.

"Huyu angepewa mimbari," akanong'ona.

Walianza na washindi. Wa nafasi ya kwanza waligombewa, wa pili wakagombewa kidogo. Kufikia wa tatu, watu wawili waliokuwa wakinunua sana walishainuka kwenda zao. Kisha binti yangu akaingia uwanjani, kizimba kimewekwa mezani, sungura mmoja kifuani pake. Mnadi akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akaishusha. Kimya. Akaishusha tena, na sauti yake ikapungua kasi, na ile kasi ilipopungua niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo.

Kwa pembe ya jicho nikaona mkono wa Mwenyekiti unapanda. Niliudaka hewani.

"Wewe una nini?" akasema. "Mtoto wetu aaibike nikiwa nimekaa hapa?"

"Mwenyekiti, tafadhali. Ameomba tusinunue."

"Ameomba lini?"

"Juzi. Anataka mtu asiyemjua ndiye awatake. Kosa ni langu, sikuwaambia."

Aliniangalia usoni. Mwenyekiti amelea watoto watano, wawili kati yao katika nchi hii, na sijui ni lipi lililompitia kichwani. Aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu, akaukalia. Kisha akawageukia wale watatu na kuwaambia kwa ukali, "Kalieni mikono." Tukakaa hivyo, wanawake watano tumekalia mikono yetu, na mimi yangu ilikuwa inawasha. Pesa nilikuwa nazo mfukoni. Neno moja tu lingetosha, na mtoto wangu asingesimama pale mbele ya watu bila mnunuzi. Sijawahi kujizuia hivyo, hata siku ya kumzaa.

Binti yangu hakututazama. Alimweka sungura juu ya meza, akamkusanya miguu vizuri, akapitisha kiganja mgongoni hadi kiunoni, polepole, kama alivyofanya jaji. Halafu akawatoa wale wawili wengine na kuwapanga kando yake, hata yule mwenye kiuno pungufu, akasogea hatua moja nyuma ili waonekane. Mnadi akampisha.

Bwana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, aproni bado imefungwa kiunoni, akainua kidole.

Mnadi alirukia kidole hicho kama aliyepewa pumzi mpya. Mara mwanamke wa upande wa pili naye akatikisa karatasi. Bwana akainua tena. Mwanamke akatikisa. Bei ilipanda mara nne au tano, na ilipoishia haikuwa ya ajabu, ilikuwa bei ya sungura wazuri. Nyundo ikapigwa. Na hapo Mwenyekiti akaitoa mikono yake na kinywa chake kwa pamoja. Vigelegele vya wanawake wanne viliruka hadi kwenye paa, kondoo wa banda la jirani wakajibu, mnadi akavua kofia na kuinama. Binti yangu alifunika uso kwa mikono miwili. Kati ya vidole niliona meno yake yote.

Nilipofika nyuma ya uwanja, yule bwana wa aproni alikuwa ameshatangulia kwenye vizimba. Ana mgahawa mdogo mjini, alisema. Akanigeukia mimi: sungura hawa wamelishwa nini, nao wana wiki ngapi, na je, naweza kumpatia wengine majira ya kuchipua? Nilifungua mdomo. Majibu yote nilikuwa nayo, nimeyasikia likizo nzima.

"Muulize mwenye mali," nikasema.

Akamgeukia. Binti yangu alizungumza naye muda mrefu, mikono nyuma, anataja vikombe na wiki na kilo, anakataa kuahidi tisa, anaahidi sita. Bwana aliandika kwenye simu yake. Mwisho akaninyooshea kidole kwa heshima na kumuuliza, na huyu mama je, mnafanya naye kazi?

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Ndiye aliyenileta."

Nikasema ndiyo, mimi ni dereva tu. Nikaenda kuleta gari, na njiani nililia kwa furaha, waziwazi, mbele ya mbuzi wa watu.