Midomo ya Athmani

Mume wangu Athmani alikuwa mpiga zumari. Mchana alibeba magunia maghalani Shimanzi, hapa Mombasa, na penye arusi Kibokoni au Kuze aliitwa yeye, maana hapakuwa na wa kumshinda pumzi. Lakini midomo yake haikuisha kubabuka. Ngozi ilitoka vipande vipande kama ganda la kitunguu, chini kukabaki kidonda chekundu. Na kwetu mtu mwenye midomo ya namna ile haulizwi. Ni mlevi wa pombe ya chang'aa.

"Sinywi, Mama Kingi," huniambia.

"Basi mbona Ramadhani yapona?"

Mwezi mzima wa kufunga midomo yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Idi ikipita, arusi zikirudi, nayo yaanza tena. Nilitaka ushahidi gani zaidi? Nikamtengea kikombe chake, cha bati, chenye ua la buluu, tusinywee pamoja. Alikipokea. Alikinywea miaka sita.

Mwaka wa themanini na tisa akashikwa na homa ya mapafu. Siku aliyojua haamki tena aliniita tuwiane radhi.

"Nimekuwia radhi kwa yote," nikamwambia. "Ila pombe, hiyo ni yako na Mola wako."

Akatikisa kichwa kidogo, akageukia ukutani.

Zumari aliirithi mwanangu Kingi. Haukupita muda, na yake midomo ikaanza kubabuka. Nikampekua mifuko. Akirudi nyumbani namsogelea mlangoni nimnuse.

"Mama, wanusa nini kama paka wa soko la Markiti?"

Yeye alicheka. Mimi nilikwisha mzika babake, na huyu ndiye pekee niliyebaki naye. Mwaka wa tisini na nne, Idi ilipokwisha na midomo ikarudia yale yale, nikamkokota hadi zahanati, nikitaka daktari amtishe. Tulimkuta muuguzi Zilpah, mama wa bara, mnene, mwenye maneno.

"Mwambie pombe itamuua," nikamnong'oneza.

"Ngoja kwanza nimwangalie, mama. Kuua tutaua baadaye." Akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Wewe, unabandika nini mdomoni? Pombe haichori duara."

Nikatazama. Mimi niliyejiona sipitwi na kitu, sikuwa nimeliona. Palipobabuka pameuzunguka mdomo mzima, kama alama ya kikombe mezani.

Kingi akatoa zumari mkobani. Penye kupulizia pana kisahani cha madini, ambacho mpigaji hukikandamiza kwa midomo pumzi isitoroke. Zilpah akakichomoa, akakifunga kwa plasta mkononi mwa Kingi, akatwambia turudi kesho kutwa. Tulipofungua, ngozi ilikuwa imevimba vipele, duara lile lile.

"Miili mingine hukataa madini," akasema. "Mimi hata saa ya mkono sivai. Na mara nyingine ni mambo ya ukoo. Babake hakuwa hivi?"

Kingi akanitazama.

Ramadhani hakuna arusi. Zumari hulala juu ya kabati mwezi mzima, na ni mimi niliyekuwa nikiipangusa vumbi.

Fundi mmoja akamchongea Kingi kisahani cha kifuu cha nazi. Midomo ikapona, na arusi hazijapungua. Majirani hunipa hongera, eti nimemwokoa mwanangu. Nami husema alhamdulillahi, kwa sababu ni kweli.

Athmani namwombea dua kila baada ya sala. Lakini radhi huombwa macho kwa macho, na yeye aliyageuzia ukutani.

Kingi aliona nanywea chai kikombe cha bati ambacho ua lake la buluu limebanduka, akaninunulia kipya cha kaure. Hicho nimewawekea wageni.