Plagi ya Tatu ya Lori la Mzee Karanja

Harufu ile niliisikia mimi kabla ya mama. Ilikuwa kama ya kichwa cha mbuzi kikichomwa manyoya, na kwa kuwa pale Gatina, Kawangware, watu wa supu wako kila kona, sikushtuka. Niliinua macho tu kutoka kwenye kitabu nione ni kibanda gani kimewasha moto mapema hivyo. Hakikuwa kibanda. Mama alikuwa ameinama ndani ya boneti, mkono wa kushoto unafungua nati, na wa kulia ameuegemeza juu ya bomba la egzosi la gari lililozimwa dakika hiyo. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, polepole. Nikasema, "Mama, mkono." Sauti yangu ni ndogo tangu zamani, ikabidi niseme mara ya pili. Akautazama mkono wake kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kuota malengelenge. Hakupiga kelele. Alivifunga kwa kitambaa, akaniambia, "Hii usiambie mtu. Hata babako."

Nilikuwa darasa la tano, likizo ya Aprili, na mvua haikuwa na mpango wa kuisha. Baba alikuwa Thika kwenye kazi ya mjengo, akirudi mara moja kwa mwezi. Kila asubuhi mimi na mama tulitoka mtaa wa Raila, tulikoishi, tukiruka matope, tukapita Olympic ambako barabara ni nzuri, tukapanda hadi Kawangware, viatu vimekuwa vizito kuliko sisi. Mama alikuwa fundi wa magari, mwanamke peke yake kwenye laini ile ya gereji. Uwanja tuliofanyia kazi ulikuwa wa Mzee Karanja, mwenye ploti na zile fleti za nyuma, na siku ya kwanza alimwambia mbele ya watu, "Mama, mimi sijawahi kuona mwanamke akifungua injini, lakini jaribu. Siku utaniharibia lori, utafute kwingine." Lori lenyewe lilikuwa dogo, kuukuu, la petroli, la kubebea mchanga. Mama alilitunza kama mgonjwa wa nyumbani, kwa sababu likiharibika mikononi mwake hatungekuwa na mahali pa kwenda.

Baada ya siku ya harufu nilianza kumwangalia mkono tu. Nilikuwa na daftari la hesabu lililobaki kurasa, nikawa naandika humo. Jumanne, kikombe kimemponyoka. Jumatano, nati mbili, hakujua zimeanguka. Ijumaa, ameshika sufuria bila kitambaa. Sikujua naandika kwa ajili ya nini. Mimi si mtu wa kuongea, na yale ambayo wengine huwaambia rafiki zao, mimi huyaweka kwenye karatasi. Kadiri kurasa zilivyojaa ndivyo nilivyosogea karibu naye kila alipochukua spana.

Kisha lori likaja kubadilishiwa plagi, vile vyuma vidogo vya kutoa cheche ndani ya injini. Plagi haianzwi kwa spana. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo: unaiingiza kwa vidole, unaizungusha taratibu, na vidole ndivyo vinakuambia kama imekaa sawa kwenye meno ya tundu, kwa sababu tundu ni la alumini na plagi ni chuma, na chuma hakimwonei alumini huruma. Ya kwanza na ya pili ziliingia. Ya tatu ilikaa upande, vidole havikumwambia kitu, naye akatia spana. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna mchanga. Alipoitoa, meno ya tundu yalitoka nayo yamejisokota kwenye plagi, yaking'aa.

Kifaa cha kuchonga meno mapya, tapu, kilikuwa kimoja kwenye laini nzima, cha Njuguna, fundi wa ng'ambo ya barabara. Ukienda kukiazima kila mtu anajua umeharibu. Njuguna alikileta mwenyewe, akitangaza njiani. "Mama Nafula leo amekula meno ya gari ya mdosi Karanja."

"Leta hiyo kitu na uwache redio," mama akasema.

"Nikuwekee na chumvi?"

Watu wakacheka, mama pia. Mimi nilikuwa naangalia lango. Mzee Karanja alikuwa amesema atafuata lori lake saa sita.

Mama alipaka tapu grisi nyingi ili vumbi la alumini linate humo lisidondoke ndani ya silinda. Akazungusha nusu, akarudisha kidogo, akatoa, akapangusa kwa vidole, akapaka tena. Kazi ilikuwa safi. Alifunga ndani ya tundu bushi, kijibomba cha chuma chenye meno ndani na nje, halafu plagi akaianza kwa mkono wa kushoto, polepole mno. Injini ikawaka na kutulia. Mzee Karanja alifika, akasikiliza, akasema tu, "Iko sawa," akaondoka nalo. Ni Njuguna aliyekuwa akipangusa tapu yake aliyeacha kucheka. Grisi ilikuwa nyekundu. Makali yalikuwa yamemkata mama kidole cha shahada mara kadhaa, na yeye alikuwa akipanga spana kwenye boksi, damu ikidondoka humo.

Njuguna alinifuata kwenye bomba la maji. "Nafula, mkono ya mamako iko na nini?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Hana kitu."

Akaniangalia kidogo, akaenda.

Kidonda kile hakikupona. Mama alikificha ndani ya glavu wiki nyingi, nami nilikaa kimya naye, mpaka baba aliporudi akauliza ni nini kinanuka. Hospitali walisema ni sukari, imeshaharibu mishipa ya fahamu, na kidole hakiwezi kubaki. Daktari alisema tungekuja mapema kingepona. Mzee Karanja alipopata habari alikuja mpaka Raila, akakaa kitandani, akasema, "Si ungeniambia tu?" Hakumfukuza.

Sasa niko kidato cha tatu. Mama anauza plagi na oili kwenye meza pale pale uwanjani, na Njuguna ndiye anayefungua injini. Wakati ule nilidhani kunyamaza ndiko kumpenda, na mama alinisifu kwa hilo. Siku hizi ninamuudhi. Kila jioni nachukua mkono wake, kisha miguu, kwa kuwa sukari hufika huko pia, nagusa kidole kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu na kuuliza kama anasikia. Zamani ningekubali jibu lolote. Sasa namwambia afumbe macho kwanza.

Juzi, nilipofika mguu wa kushoto, alisema ndiyo kabla sijamgusa.