Jina la Baba Yangu Kwenye Mashine

Kosa ni langu, msinitafutie shetani wa kumsingizia. Shetani mwenyewe angeniamkia shikamoo!

Miaka ya tisini, hapa Garissa, nilinunua mashine ya gemu, ile ya kutumbukiza sarafu na kutungua ndege za adui. Niliiweka dukani kwangu, karibu na soko la mifugo. Ukipata alama nyingi, ilikuruhusu kuandika herufi tatu za jina lako juu kabisa ya kioo.

Vijana wetu, wajinga wale, hawakuandika majina yao. Waliandika ya babu zao! Kwetu Wasomali mtoto hujifunza kutaja babu zake kabla hajajua kufunga viatu. Sasa nani angekubali babu wa mwingine akae juu ya wake? Walitumbukiza sarafu kama wanachangia harusi.

Na mimi, mpumbavu kuliko wote, nikagundua kitu. Mashine ikizimika, majina yote yanafutika. Basi kila alasiri nilichomoa waya kisirisiri na kupiga kelele, "Ala! Stima imepotea tena!" Ikirudi, wanaanza upya. Nilikuwa nawauzia jina lile lile kila siku, na wallahi nilijiona mjanja.

Mwanangu Abdi naye alicheza. Alitaka NUR, jina la baba yangu, likae juu. Nilimlipisha kama wengine, eti biashara haijui mtoto. Mtoto wa shule, pesa anatoa wapi? Sikuuliza.

Alikuwa anauza mbuzi wa babu yake! Baba alikuwa mzee asiye na meno, akiishi kwa maziwa ya mbuzi wale, na Abdi ndiye aliyewachunga. Kila mmoja akipotea, Abdi anasema ameliwa na fisi. Fisi alikuwa mimi.

Alipoondoka mbuzi wa mwisho, baba alimbana Abdi, naye akasema yote. Wakaja dukani pamoja.

"Waryaa! Jina yangu iko wafi?" baba akanifokea kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Kioo kilikuwa cheusi. Nilikuwa nimetoka kuchomoa waya, bado nimeushika!

Abdi akautazama ule waya, kisha mimi baba yake. "Aabo, kumbe ni wewe huzima?"

Baba hakunilaani. Afadhali angenilaani! Alimshika Abdi bega. "Taja babu zako."

Abdi akaanza na jina lake, kisha akataja langu. Baba akamkatiza.

"Huyo ruka. Sema Abdi Nur."

Mashine niliiuza kama chuma chakavu, nikamnunulia baba mbuzi wengine. Maziwa alikunywa, salamu yangu hakuiitikia mpaka anazikwa.

Nanyi mnaowauzia watoto mchezo usioisha ili walipe tena kesho, hebu geukeni mtazame ni mtoto wa nani amesimama hapo kwenye foleni. Abdi sasa ni mtu mzima, na bado anajiita Abdi Nur. Kwa hiyo msiniulize jina langu. Mwanangu mwenyewe halitaji.