Saa Moja na Nusu Hadi Mwanza

Baba alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja cha samaki Mwanza, kati ya vile vilivyofunguliwa miaka ya tisini biashara ilipoachiwa watu binafsi. Jioni akirudi na harufu ya sangara mikononi, alipenda kutuambia kwamba samaki aliyemkata asubuhi atapanda ndege na kuliwa Ulaya. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda.

Alipougua figo, mama alimleta Dar es Salaam kwa treni. Mimi nilikuwa naishi huko, nauza katika duka la nguo la mtu. Niliwapokea stesheni baada ya siku mbili za njiani. Miguu ya baba ilikuwa imevimba, kichwa amekilaza begani kwa mama. Mama alisema tangu Tabora hajafumba macho, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Hospitali walimlaza. Hakutoka tena.

Wenzake wa kiwandani walichangishana, wakapata nafasi ya jeneza kwenye ndege ya kampuni mpya, pamoja na kiti kimoja. Nilimwambia mama kiti hicho ni chake. Akaniuliza ndege inachukua muda gani mpaka Mwanza. Nikamwambia saa moja na nusu.

"Njia yote ile?" akasema.

Mimi niliondoka kesho yake kwa treni. Tabora injini iliharibika, tukashinda pale hadi jua likazama. Simu haikuwepo ya kuwaambia nyumbani niko wapi. Nilipofika Mwanza nilipata gari la kwenda kivukoni, maana kijiji chetu kiko ng'ambo ya ziwa, mbele kidogo ya Busisi. Ndani ya kivuko nilimkuta mama mmoja jirani yetu. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akanishika mkono wala asiuachie.

"Tumemzika jana, mwanangu. Tulikungoja, wazee wakasema mwili hauwezi kungoja zaidi."

Sikulia. Nilikaa juu ya mzigo wa mtu nikiangalia maji mpaka tulipofika.

Mama nilimkuta ndani, kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake. Walitupisha. Nilidhani atanieleza habari za mazishi, lakini alianza na ndege.

"Yeye chini kwenye mizigo, mimi juu na watu wa suti. Wakanifunga mkanda, wakaniletea soda. Sijaimaliza, wanasema tunashuka. Nachungulia, naona ziwa." Alijifuta uso kwa kanga. "Nilikuwa sijaanza hata kumlilia. Watu wamejaa uwanjani wananingoja, na mimi moyoni bado niko naye wodini."

Nilimwambia kwenye treni mimi nililia mpaka machozi yakakauka. "Afadhali wewe," akasema.

Asubuhi tulikwenda kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Mama alikaa chini, akaniomba nimwache peke yake. Alirudi nyumbani jua limeshapanda sana, akaomba maji ya kunywa.