Saa Iliyosomwa kwa Kidole

Asubuhi ile niliondoka Kalehe bila kujua ninakwenda wapi. Nilikunja blanketi la jamaa aliyenilaza, nikasimama barabarani, nikadhani gari la kwanza litakuwa la Goma. Likaja lori la kabichi linaloelekea Bukavu, nikapanda. Tangu nilipoacha shule ya msingi katikati, magari ndiyo yaliyoniamulia.

Mjini Bukavu, katika soko la Kadutu, nilisimama kwa sababu ya kidole cha mzee mmoja. Alikuwa amevaa kofia nyeupe, ameketi mbele ya meza ya fundi wa redio, mkononi ana saa ya mfukoni ya zamani, isiyo na kioo. Kidole gumba chake kilipita juu ya mishale polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Macho yake yalikuwa meupe.

"Fundi, mimi nimetoka nyumbani baada ya chai," alisema. "Saa uliyonitengenezea inaniambia ni jioni."

Fundi, mwanamume mnene mwenye lenzi iliyofungwa kwa mpira kwenye paji la uso, alitazama simu yake. "Papa, iko saa tano tu."

"Basi yenyewe imetutangulia. Itupashe habari za huko."

Wauza nguo za jirani walicheka. Fundi hakucheka. Nilikaa kwenye ukingo wa benchi bila kukaribishwa, nikaanza kuuliza. Alinijibu, nadhani kwa sababu kunijibu kulikuwa rahisi kuliko kumjibu mzee. Saa ilianguka kwenye saruji. Ndani yake kuna gurudumu dogo linalocheza huku na huku, yeye aliliita balansiye, na ncha moja ya mhimili wake ilipinda. Aliinyoosha kwa kibano kilichopashwa moto, kidogo kidogo, asije akaivunja. Saa ikaamka. Lakini ilipoamka, ilikimbia. Hii ilikuwa mara ya pili mzee kuirudisha.

Jambo hilo lilinichanganya. Vitu vyote vibovu nilivyovijua vilikwenda polepole: lori, redio, mtu mwenye malaria. Kitu gani kinaharibika halafu kinaongeza mwendo?

"Kijana, unauliza sana," mzee alisema, akigeuzia uso wake upande wangu. "Mimi kuuliza kumenichosha."

Akanieleza. Akimuuliza saa mke wa mwanawe, anajibiwa, Papa, una haraka ya wapi? Akiwauliza wajukuu, wanasema lolote linalowafurahisha. Mwezi wa kufunga walimwambia jua limezama, akala tende mchana kweupe, wakacheka mpaka majirani wakaja kuchungulia.

"Mwanangu akaninunulia simu inayosema saa. Inasema Kifaransa, na mimi na Kifaransa hatujasalimiana. Hii hapa nilikuwa nayo kabla ya macho kuondoka. Haikunicheka hata siku moja."

Fundi alifungua mgongo wa saa. Alilitoa gurudumu pamoja na springi yake, nyembamba kama unywele, iliyojizungusha mizunguko mingi. Akanipa lenzi. Niliona mizunguko ya upande mmoja imelaliana.

"Iko mafuta," alisema fundi. "Yanashikisha."

Aliliosha gurudumu kwa petroli kwenye kifuniko cha chupa, kisha akaliweka likauke mahali alipoweka skurubu zake zote: juu ya sumaku nyeusi ya mviringo, iliyotolewa kwenye spika. "Apa soko banasukumana," aliniambia. "Kitu kikianguka, njo kwaheri. Lakini ku sumaku hakipotee."

Alirudisha kila kitu mahali pake. Saa ilikimbia vilevile. Akaifungua tena, akaosha tena, akaweka tena kwenye sumaku. Jasho lilimtoka.

"Sijui, Papa. Labda iko na roho yake."

"Roho ninayo mimi. Hiyo ina springi."

Mikono yangu haijui kutulia. Nilikuwa nimechukua skurubu mbili nikizichezea pembeni, mbali na sumaku, na kila nilipozitenga zilirudiana. Nilidhani zina gundi. Nikazifuta kwenye suruali. Zikashikana tena.

"Fundi, hizi zinapendana."

"Acha kuchezea vitu vya watu," alisema, akaninyang'anya, kisha naye akaziona zikirudiana. Alichukua balansiye kwa kibano, akaisogeza karibu na pini ndogo mezani. Pini ikaruka, ikaing'ang'ania.

Alikaa akiitazama. "Papa," alisema taratibu, "ni miye njo nilikuwa naiharibu. Kila mara nikimaliza kuitengeneza, naiweka apa."

Alisema springi ikishika sumaku inajishika yenyewe, inakuwa fupi, na ikiwa fupi inaharakisha gurudumu. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Dawa yake, alisema, ni koili ya waya kutoka redio mbovu, iliyotiwa umeme. Umeme unakwenda na kurudi mpaka chuma kinasahau. Hilo nalo sikulielewa. Na pale sokoni hapakuwa na umeme tangu alfajiri.

"Kwangu Cimpunda courant iko," mzee alisema. "Jirani ametupigia muziki tangu asubuhi."

Fundi alifunga meza, akabeba koili. Mimi nilishika mkono wa mzee kwenye mteremko. Hakuna aliyeniomba kwenda nao, na hakuna aliyeniuliza kwa nini ninakwenda. Mimi mwenyewe sikujua.

Kwenye parcelle yake, kiwanja chenye nyumba na ua, mke wa mwanawe alikuwa anaosha sufuria. "Papa, umeleta wageni?"

"Nimeleta fundi, na huyu wa maswali."

Fundi alichomeka waya. Alilipitisha gurudumu katikati ya koili, kisha akalivuta nje polepole mpaka mkono wake ukanyooka wote, ndipo akazima. Nilitazama kwa lenzi. Kila mzunguko wa springi ulikuwa umekaa peke yake. Niliangalia koili, nikaangalia waya, sikuona kilichobadilika.

Fundi alilirudisha gurudumu ndani, akaiweka saa sawa na simu yake, tukanywa chai huku ikitembea. Kila fundi alipoilinganisha na simu yake, zilikwenda pamoja.

"Lakini siwezi kuapa leo," alisema. "Mutu mwenye macho aiangalie mpaka kesho."

"Miye niko na kazi," alisema mke wa mwanawe. Wajukuu mlangoni walitazamana wakitabasamu. Mzee hakuwaona, ila nadhani aliwasikia.

"Kijana, unalala wapi?"

"Sijui, Papa."

"Hata leo?"

"Hata leo."

"Basi una kazi."

Fundi aliondoka na koili yake. Mimi nilionyeshwa chumba cha nyuma, chenye magunia ya maharagwe na godoro la sponji. Niliketi juu ya godoro, nikijiuliza imekuwaje mtu asiyejua siku za wiki awekwe kulinda saa.

"Kijana," mzee aliita kutoka uani.

"Papa."

"Usiniambie. Kwanza nikuambie mimi." Nilijua kidole kinapita juu ya mishale. "Saa kumi na nusu, imepita kidogo."

Niliangalia simu yangu. Nikaiangalia tena, kwa kuwa siku ile sikuwa na hakika na chochote.

"Ndiyo, Papa."

Nilisikia akiirudisha saa mfukoni.

"Basi pumzika," alisema. "Kesho asubuhi nitakuambia tena."