Ghorofa ya Mezani

Nimerudi nyumbani Milanzi, Sumbawanga, likizo hii, rafiki yangu, na jambo la kwanza lililonipata baada ya kumwamkia mama ni kugonga paja kwenye ile ghorofa. Mahali palepale, paja lilelile. Nimejifunza mengi tangu niondoke nyumbani, lakini kupita kati ya mlango na meza yetu bila kuumia bado sijajifunza. Mama hakuinua hata kichwa. "Pole," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akimpa baba kila jioni alipotoka kazini.

Ghorofa ninayoisema si nyumba. Ni kisanduku cha mbao cha kupangia vitu mezani, kina vyumba chini na juu, na kilitengenezwa na fundi jirani yetu kwa ajili yangu nilipokuwa darasa la saba. Nasema kwa ajili yangu kwa sababu ndivyo ilivyopangwa. Kilichotokea ni kingine.

Nyumba yetu ilikuwa na meza moja tu. Asubuhi tulinywea uji wa ulezi hapo. Uji ukiisha, mama alifuta maji kwa kiganja, akapandisha cherehani yake na kuanza kushona sare za shule na magauni ya kipaimara. Jioni baba, karani aliyeletwa na kazi kutoka Mbeya akaoa hukuhuku, alifungulia redio yake hapo na kuitengeneza. Redio ile haikuwa mbovu mpaka alipoanza kuitengeneza. Mjomba, mdogo wake mama, alipakia na kushusha malori kule Kasesya, mpakani na Zambia, na kila Jumamosi alikuja kwetu kunyolea ndevu mezani. Bibi mzaa mama, aliyehama kijijini Kaoze kuja kuishi nasi babu alipofariki, alikaa upande wa dirishani akichambua maharage na kutoa maoni. Mimi nilisomea pale ambapo hakuna aliyekuwa ameweka kitu, na pale palikuwa padogo.

Basi nikawa mtu wa kupoteza. Penseli zilikwenda na vitambaa vya wateja. Rula mama aliipimia kola. Bikari baba aliichokonolea redio ikapinda mguu. Kifutio kimoja kilionekana kwenye sahani ya mjomba katikati ya maharage, kimeiva, na mjomba akasema alishaanza kukitafuna akidhani ni nyama.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka. Mwezi wa nne alimwandikia baba barua ya mstari mmoja: "Mtoto ana akili ila hana kalamu." Kisha akatutangazia darasani kwamba mwezi wa saba atatoa mtihani wa majaribio. Kumi wa kwanza atawafundisha mwenyewe kila jioni mpaka mtihani wa taifa, na atakayeingia bila vifaa atatolewa kabla hajasoma swali la kwanza. Mwaka uliotangulia, karibu wote waliokwenda sekondari za bweni walikuwa wale kumi wake. Nilitaka kuwa mmoja wao kuliko nilivyotaka sweta mpya, na aliyewahi kukaa Sumbawanga mwezi wa saba anajua sweta ni kitu gani.

Nikachora. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la sayansi nilichora kisanduku cha vyumba vinne: cha penseli na kalamu, cha rula na bikari, cha madaftari yaliyosimama, na kimoja kidogo chenye kifuniko. Hicho sikukiandikia kazi. Kilikuwa cha siri, na siri sikuwa nayo bado, ila nilitarajia kuipata. Mjomba alivutiwa na mchoro, akaleta mbao za kreti kutoka mpakani, zimelowa mvua juu ya lori, zina picha ya glasi na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Baba akamwita fundi.

Fundi alikuwa mtu wa milango na vitanda. Aliutazama mchoro wangu, akaugeuza, akautazama tena.

"Hili ni banda la njiwa?"

"Ni la vitu vyangu vya shule."

"Njiwa wangekaa vizuri sana humu," alisema, kwa masikitiko kidogo.

Hapo ndipo bibi alipoacha maharage. "Na ugoro wangu utakaa wapi?"

Hakuna aliyekuwa amezungumzia ugoro. Bibi alinusa tumbaku yake mara tatu kwa siku, na aliiweka kwenye kopo la dawa lililokwisha kuota kutu. Lakini fundi alitoa penseli sikioni kwa heshima zote na kuuliza, "Wa kiasi gani, bibi?" na kuanzia hapo kisanduku hakikuwa changu tena. Chumba chenye kifuniko kikawa cha ugoro. Mama akasema kwa kuwa fundi yupo na mbao zipo, apate chumba cha nyuzi na sindano. Baba akaomba vyumba viwili vya betri za redio, ili zilizo nzima zisichanganyike na zile alizokuwa akizianika juani zifufuke. Mjomba akadai chumba cha kitana na kioo, maana mbao ni zake. Fundi aliandika yote kiganjani mwake. Kufikia jioni kisanduku kilikuwa kimepanda orofa ya pili na kuenea urefu mzima wa meza.

Fundi alikuwa ameacha futi yake kazini, kwa hiyo aliazima ya mama, akapima meza kutoka ukutani mpaka upande wa mlango, akaongeza namba hiyo kiganjani na kwenda zake. Wiki moja baadaye alirudi na kazi imefungwa nyuma ya baiskeli, watoto wa mtaa mzima wakimfuata. Mjomba alipoiona tu akaipa jina. Alisema hiyo ndiyo ghorofa ya kwanza mtaani kwetu.

Tukaiweka mezani. Upande mmoja uligusa ukuta, upande wa mlango ukatokeza nje ya meza ukaning'inia hewani.

"Fundi, imezidi," mama alisema.

"Haijazidi, dada. Meza imepungua."

Baba alipima kwa futi ya chuma ya fundi. Ilizidi inchi mbili kamili. Mama akaichukua futi yake, akaikunjua mwanzo wake. Halafu akasema taratibu, "Futi yangu imekatika inchi mbili za mwanzo. Mimi huwa nazipunguza kichwani."

"Ungeniambia."

"Nilidhani unaona."

Wakati wao wanabishana, mimi nilikimbia chumbani kukusanya vitu vyangu. Niliporudi, wapangaji walikuwa wamekwisha kuingia. Nyuzi za mama zilikuwa ndani, betri za baba zilikuwa ndani, kitana cha mjomba kilikuwa ndani, na madaftari yangu yalikuwa yamewekwa chini ya meza kwa muda, ambao haukuisha. Kilichobaki ni chumba kimoja chembamba cha mwisho upande wa mlango, kilichotosha penseli mbili, rula na kifutio. Nacho ndicho kilichokuwa kwenye zile inchi mbili. Nilikuwa nimeomba mahali mezani, nikapewa chumba nje ya meza. Nililia, sikufichi.

"Si umepata chumba?" mama aliuliza, na aliuliza kwa dhati kabisa.

Jirani yangu mle ndani alikuwa bibi. Kopo lile la kutu alilitupa siku hiyohiyo, akamimina ugoro moja kwa moja kwenye chumba chake, akakifunika, akakipigapiga kwa kidole. Sijawahi kumwona mtu akipenda kitu kama alivyokipenda kile chumba. Wageni walioingia walionyeshwa kabla hawajapewa kiti.

Niseme ukweli, kuanzia siku hiyo sikupoteza kitu. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukapita, penseli zangu zikiwa pale pale. Mwezi wa saba ukaja na upepo wake, ule unaovuma toka asubuhi, unaopasua midomo na kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Ukakausha na mbao za fundi. Zilisinyaa polepole bila mtu kuona, na kati ya chumba cha bibi na changu ukafunguka ufa mwembamba.

Siku ya mtihani wa majaribio, Jumamosi asubuhi, nilikuwa wa kwanza kufika. Nilipanga vifaa vyangu juu ya dawati ili mwalimu avione kutoka mlangoni, naye aliviona, akaitikia kwa kichwa. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Maswali matatu ya kwanza niliyapita. La nne lilikuwa la kuchora pembetatu. Nikachora, nikakosea, nikafuta kwa bidii, na kama kila mtoto afanyavyo, nikapuliza vumbi la kifutio.

Mwenzangu wa dawati alipiga chafya. Wa mbele yetu akapiga mbili. Mimi nikafuta tena, nikapuliza tena. Safu ya dirishani ikapokea, na muda si mrefu nusu ya darasa ilikuwa inafuta pua kwa mikono ya masweta. Mwalimu akaja, akasimama juu yangu, akachukua kifutio changu. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye elimu yake hakupaswa kulifanya. Akakinusa.

Alipiga chafya saba. Tulizihesabu wote kimya kimya, maana lilikuwa somo la hisabati. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Unanusa ugoro?"

"Hapana, mwalimu."

"Kwa hiyo kinachonusa ni kifutio?"

Akachukua karatasi yangu, akanionyesha mlango. Nilikaa nje juu ya jiwe na upepo ule, nikijua sasa hata kuwa wa arobaini siwezi, kwa kuwa sina karatasi ya kusahihishwa. Nilimchukia fundi, nikamchukia baba na betri zake, na Mungu anisamehe, nilimchukia na bibi.

Alasiri mwalimu alikuja nyumbani, kifutio kimefungwa kwenye karatasi kama ushahidi. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo walikuwepo wote, na jikoni dagaa wa Ziwa Tanganyika walikuwa wanakaangwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwalimu alieleza kwa kirefu. Alisema msichana mdogo na tumbaku ni mwanzo mbaya. Bibi alifungua ile karatasi, akasogeza kifutio puani.

"Huu ni wangu," alisema. "Wewe ulipiga chafya ngapi?"

Mwalimu alisita. Alikuwa amekwisha kumpa shikamoo, asingeweza kumdanganya. "Saba."

"Kwa vumbi tu," bibi alisema, akawatazama wengine wahakikishe wamesikia. Ndipo akauliza, "Na mtihani wa mtoto?"

"Nimemnyang'anya karatasi."

Bibi akakiweka kifutio chini. Aliinuka, akazunguka meza mpaka upande wa mlango, akainamia chumba changu. Alipitisha ukucha kwenye ule ufa mpaka mwisho, ukucha ukatoka na unga wa kahawia. Hakumlaumu fundi wala futi. Alimwambia mama kwa Kifipa alete kopo lolote, akachota ugoro wote wa chumba chake kwa kijiko, na kwa ncha ya kitenge chake akakifuta kona kwa kona. Kisha akachukua penseli zangu kutoka kwenye zile inchi mbili, akaziingiza mwenyewe.

"Aingie mtoto," alisema. "Mimi nimeshakaa."

 Mama akaanza kuondoa nyuzi zake. Baba akaondoa betri, nzima na zilizokufa. Mjomba alijikuna kidevu muda mrefu, akitumaini labda hajaonekana, mwishowe akachukua kitana na kioo akavitia mfukoni. Mwalimu alisimama mlangoni mpaka madaftari yangu yalipotoka chini ya meza na kusimama kwenye chumba chao. Ndipo aliposema nifike ofisini kwake Jumatatu asubuhi, nifanye mtihani upya peke yangu, kwa kifutio chake. Aliondoka na ugoro kidogo ndani ya ile karatasi yake ya ushahidi, maana upepo ulikuwa umemziba pua wiki mbili, na zile chafya saba, alikiri, zilikuwa zimemfungua.

Nilikuwa wa tisa. Nikafundishwa jioni, nikafaulu, nikaenda bweni mbali na nyumbani. Likizo ya kwanza niliporudi, wapangaji wote walikuwa wamerudi pia. Nyuzi, betri, kitana, kila mmoja mahali pake kana kwamba hawakuwahi kufukuzwa. Chumba chenye kifuniko peke yake hakikuwa na mpangaji, ila ndani yake kulikuwa na penseli moja, imechongwa. Mama aliniambia kuwa alijaribu kuweka vifungo humo, na baba alijaribu kuweka miwani, na kila mara bibi aliwatolea nje na kusema maneno mawili tu: kina mwenyewe. Yeye ugoro wake aliuweka kwenye kopo, likaota kutu kama lile la kwanza.

Sasa meza haina watu. Bibi alitangulia, na baba akafuata. Mjomba amehamia Zambia, na sauti yake huja kwa simu. Mama macho yamepungua, cherehani imefunikwa kitambaa. Ningeweza kutandaza madaftari ya dunia nzima juu ya meza ile na asingekuja mtu kuyasukuma. Nilipigania nafasi pale utoto wangu wote, nami nikuambie tu, naichukia nafasi hii. Ningetoa meza nzima nirudishiwe zile inchi mbili, na wote wakiwa wamenibana.

Leo asubuhi binti yangu alikaa hapo kufanya kazi yake ya likizo. Alipanga penseli za rangi kwenye vyumba vya betri, akaweka rula kwenye chumba cha nyuzi za bibi yake, akafungua kile kifuniko kidogo na kuingiza pua, jinsi watoto walivyo. Akapiga chafya.

"Mama, hiki kinawasha. Nikioshe niweke vifutio vyangu?"

"Funika," nilimwambia. "Kina mwenyewe."