Amin Iliyonikwama Kooni

Mimi chuo cha Kurani niliishia juzuu ya tatu, skuli sikuikanyaga. Nyumba yangu ya mawe nimeijenga kwa mikono hii, wala sikumwomba mtu. Mtu wa kutishika ovyo mimi siye. Lakini siku ile ya Halbadiri, pale kijijini kwetu Vitongoji, nilitetemeka.

Rafiki yangu alikuwa hajaonekana siku ya tisa. Tulikuwa vijana, tukichuma karafuu mti mmoja, yeye tawi hili, mie lile. Polisi wa mjini Chake walikuja wakaondoka. Watu wakaanza kunitazama mimi, kwani mimi ndiye niliyeonekana naye mwisho. Hawakukosea. Siku ya kuondoka, rafiki yangu alinishikisha Msahafu nikaapa kwamba sitamwambia mtu: anapanda mashua ya magendo ya karafuu kutoka pwani ya Chokocho, anakwenda Mombasa kutafuta kazi.

"Mama akijua atajilaza mlangoni," alinambia. "Na mie siwezi kumruka mama yangu."

Mama yake hakupiga kelele. Alichinja mbuzi wake wa pekee, akaita walimu waje kusoma Halbadiri. Kwetu kisomo hicho hakina mchezo. Kikimpata aliyedhulumu, tumbo hufura mpaka kaburini.

Baada ya sala ya Ijumaa tukakaa mkekani, ubani ukafukizwa. Jirani mmoja akanichokoza: "Mbona watoka jasho, bwana, na jua liko nje?"

"Ubani huu."

"Ubani huingia puani. Haulowanishi mgongo."

Wawili watatu wakacheka.

Nilikuwa nimeshajipangia: sikumdhulumu mtu, kisomo hakinihusu. Mara mama yake akasema nyuma ya pazia: "Mwalimu, msimsomee muuaji peke yake. Msomeeni na yule anayejua, akanyamaza."

Mwalimu akaliongeza lile neno katika dua. Mkeka mzima ukaitikia amin. Mimi mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Kila mtu akageuka.

Nikasema yote. Kiapo changu nikakivunja mbele za watu.

Mjomba wake akenda Mombasa, akarudi baada ya wiki mbili. Kijana hajaonekana, wala mashua yenyewe haikufika. Ningesema siku ya kwanza, wangetoka kuitafuta baharini. Hilo hakuna aliyenambia. Nalijua mwenyewe.

Asubuhi ya pili mama yake akaja kwangu. Nilidhani amekuja kunilaani, nikasimama niipokee laana yake.

"Mwanangu," akasema, "siku ile alikula kabla ya kuondoka?"

"Alikula, Bi mkubwa. Muhogo kwa papa."

"Alishiba?"

"Alishiba."

Akamshukuru Mungu, akajitanda buibui lake, akaenda zake.

Rafiki yangu hakula kitu siku ile. Alikuwa na haraka, na mimi sikumkaribisha hata maji.